Mapambo ya harusi Dar: rangi iamuliwe mwisho

Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi hapa Dar hakichelewi kufika kwenye rangi. Mwenyekiti hajamaliza ajenda, shangazi wa upande wa bibi harusi ameshataka dhahabu na maziwa, kaka mtu anazungusha simu yenye picha ya ukumbi uliopambwa kwa kahawia tupu, na mweka hazina anauliza kitambaa cha sare kitapatikana duka gani Kariakoo kabla bei haijapanda. Rangi inajadiliwa sana kwa sababu kila mtu ana la kusema juu yake. Lakini ukiyafuatilia mapambo yanavyobadilika mjini hapa, utaona rangi ndiyo sehemu nyepesi. Kinachobadilika hasa ni mahali mapambo yanapokaa ndani ya ukumbi, jinsi yanavyomulikwa, na idadi ya watu wanaopambiwa. Mambo haya matatu yanashikana, na familia isiyoyaelewa hujikuta imelipia vitu vizuri ambavyo havikuonekana.

Mapambo tuliyokulia nayo yalikuwa na sababu zake. Kumbi nyingi za zamani hazikujengwa kwa ajili ya harusi pekee. Zilibeba mikutano, mahafali na maonesho, na ikifika Jumamosi zikageuka za maharusi. Zilikuwa na taa ndefu nyeupe, feni, milango ya vioo, viyoyozi vilivyojitokeza ukutani na viti vya plastiki. Kazi ya kwanza ya mpambaji ilikuwa kuficha. Ndiyo maana kuta zilifunikwa satini toka juu hadi chini, viti vikavalishwa nguo nyeupe na kufungwa mkanda wa rangi ya harusi mgongoni, na nyuma ya maharusi likatundikwa pazia zito lenye majina yao. Hakukuwa na ushamba hapo. Kitambaa kilikuwa njia nafuu ya kugeuza sehemu ya kazi kuwa sehemu ya sherehe.

Kisha kikaja kiti. Kile chembamba cha vijiti, cha dhahabu, cheupe au cha kioo, ambacho sasa hukikosi kwenye sendofu, asili yake ni mji wa Chiavari nchini Italia, ambako fundi Giuseppe Gaetano Descalzi alikibuni mwaka 1807. Vya kukodi hapa Dar ni vya plastiki ngumu au chuma, hupangwa kimoja juu ya kingine kwenye lori, na havihitaji kuvalishwa chochote. Jambo hilo dogo lilibadilisha hesabu. Fedha iliyokuwa ikienda kwenye vifuniko mia tatu na mikanda mia tatu, pamoja na kuvifua na kuvipiga pasi, ikawa huru. Kumbi mpya zenye kuta safi na dari ndefu nazo zikapunguza cha kuficha. Fedha hiyo ikaanza kutafuta pa kwenda, na ilikokwenda ni kwenye mwanga na juu ya vichwa vya wageni.

Mwanga

Harusi ya siku hizi huonwa mara mbili. Huonwa na waliomo ukumbini, halafu huonwa na walio mbali: mjomba aliyechanga akiwa Mwanza, dada aliye Muscat, na wote watakaofungua status za WhatsApp kesho yake asubuhi. Kwa hiyo mapambo ni lazima yapite kwenye kamera, na kamera haina uvumilivu wa jicho. Jicho likiingia chumba chenye taa ya njano huizoea baada ya muda mfupi. Kamera huuchukua unjano wote kama ulivyo.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya njano ya sebuleni ni 2,700 hadi 3,000, jua la mchana ni kama 5,500, na taa ndefu nyeupe za ofisini hufika 6,500. Namba ikipanda, mwanga unaelekea buluu. Tatizo la kumbi zetu ni kwamba taa za kila aina huwashwa kwa pamoja: meza kuu inamulikwa njano, dari inamwaga nyeupe, na MC ameelekezewa zambarau. Kamera inalazimika kuchagua mwanga mmoja wa kuufuata. Ikifuata nyeupe, maharusi wanakuwa rangi ya chungwa. Ikifuata njano, wageni walio nyuma yao wanakuwa buluu. Ukumbi unaweza kuwa umejaa maua ya gharama na picha zikatoka zimechafuka, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia msimamizi wa ukumbi azime taa za dari.

Zambarau inastahili maneno yake yenyewe. Ngozi yenye melanini nyingi hurudisha zaidi mwanga mwekundu na wa njano, na humeza sehemu kubwa ya buluu. Ukimmulika bibi harusi usoni kwa buluu au zambarau, uso unarudisha mwanga kidogo huku gauni jeupe likirudisha karibu wote. Kamera ikijaribu kuuokoa uso, gauni linaungua na kuwa kama halina nakshi hata moja. Ikiliokoa gauni, uso unazama gizani. Hili linaniuma kila nikiliona. Mama ameweka vikoba mwaka mzima ili siku hii ionekane, na uso wa binti yake ndio ulipaswa kuonekana kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Taa za rangi zipewe kuta, nguzo na dari. Usoni pawekwe taa nyeupe yenye joto kidogo, ya 3,000 hadi 3,500, iliyosimamishwa mbele kwa pembeni na juu kidogo ya kimo cha mtu, siyo ile ya miguuni inayomfanya kila mtu aonekane kama anasimulia hadithi ya majini.

Muulize pia mtu wa taa kuhusu CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyotunza rangi halisi ya kitu, ambapo mwanga wa jua hupewa 100. Taa za LED zinazochanganya nyekundu, kijani na buluu ili kupata nyeupe huwa na alama ndogo, na matokeo yake ni ngozi yenye rangi ya majivu na pilau inayoonekana kijivu kwenye sahani. Za maharusi na za meza ya chakula ziwe 90 au zaidi. Jambo la mwisho upande huu ni mistari meusi inayopanda na kushuka kwenye video. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya LED yenye kifaa duni ndani yake hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Mpiga video akiweka kamera kwenye kasi isiyolingana na hiyo, mistari inatokea. Kupima ni rahisi: fungua simu, rekodi taa kwa mwendo wa polepole, uangalie kama inapepesa. Ifanye siku ya kukagua ukumbi, siyo siku ya harusi.

Skrini kubwa za LED ndizo zinazoingia kwa kasi, na wengi wanaziweka nyuma ya maharusi badala ya pazia la majina. Hapo nina mashaka. Skrini hupewa namba kama P2.5, P3 au P3.9, ambayo ni nafasi kwa milimita kati ya nukta moja ya mwanga na nyingine. Kwa makisio ya kawaida, P3 inapendeza ukiwa umbali wa mita tatu au zaidi. Mpiga picha akisogea karibu na meza kuu, picha inaanza kuwa na mawimbi ya ajabu. Kubwa zaidi ni kwamba skrini ni taa. Ukiiweka nyuma ya watu unawamulika visogo, na nyuso zinabaki giza. Mahali pake panapofaa ni pembeni, mbili zikielekea nyuma ya ukumbi, ili bibi aliyekaa meza ya mwisho aone pete ikivalishwa. Kwa bibi yule, skrini ina thamani kuliko maua yote.

Vyote hivi vinakula umeme. Mgawo wa mwaka 2022 na 2023 uliwafundisha watu wa kumbi kuheshimu jenereta, na ingawa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, hitilafu za mtaani bado zipo. Cha kuuliza siyo kama kuna jenereta. Uliza inabeba nini: wakati mwingine inabeba taa za dari na muziki tu, na umeme ukikatika mapambo yote yanabaki kwenye giza lake.

Juu ya vichwa

Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 30 wenye dari ya mita 6. Wageni 300 wakikaa kwenye meza za duara za watu kumi, unazo meza 30. Ukisimama mlangoni wakati watu wameshakaa, mapambo ya meza za safu mbili za mbele unayaona. Baada ya hapo ni mabega, vilemba na migongo. Kutoka kwenye mabega hayo hadi darini kuna zaidi ya mita nne za hewa tupu, na ndiyo sehemu kubwa zaidi ya picha yoyote itakayopigwa. Hapo ndipo wapambaji wa Dar wamehamia. Pambo moja kubwa lililoning'inia juu ya sehemu ya kuchezea linaonwa na wageni wote 300, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko kurudia pambo la katikati mara thelathini.

Kupanda juu kuna masharti yake. Dari ya jipsamu haibebi kitu. Ni ubao mwembamba wa jasi uliotundikwa kwa ajili ya kujibeba wenyewe. Pambo lazima lifungwe kwenye boriti halisi za jengo, kwa ruhusa ya ukumbi, au lisimamishwe kwenye vyuma vya trasi vyenye miguu yake na uzito wa kuvikalisha chini. Lita moja ya maji ni kilo moja, na maua mabichi yaliyoshikiliwa kwenye sponji iliyolowa huwa mzigo ambao familia haiutarajii. Kwa hiyo ubishi wa siku zote kati ya maua bandia na maua halisi unapata jibu la kimahali. Ya juu yawe bandia, makavu au ya kitambaa, maana hakuna atakayeyagusa wala kuyanusa, na picha haitajua tofauti. Yale ya chini, mkononi mwa bibi harusi, mezani kwa wazazi na mlangoni wageni wanapopita karibu, yawe halisi. Wengi hufanya kinyume: bandia yenye vumbi mbele ya mgeni, mawaridi ya fedha nyingi darini yakinyauka kwenye joto la taa.

Huko juu ndiko pia vitu vyetu vinapofaa kuliko mahali pengine popote. Vikapu vya Iringa, nyungo, taa za mianzi, mikeka ya ukili iliyokunjwa na kupangwa kwa ngazi: ni vyepesi, vinapitisha mwanga kwa matundu yake, na kivuli kinachotua sakafuni ni pambo jingine la bure.

Kuhusu moshi mzito wa sakafuni na zile fataki baridi wakati wa kucheza mara ya kwanza, nitapita haraka. Barafu kavu inayotoa moshi huo ni hewa ya kaboni dioksidi iliyoganda kwa nyuzi 78 chini ya sifuri. Ikirudi kuwa hewa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hukaa chini, yaani pale walipo watoto waliokimbilia katikati kucheza na moshi. Watoto wazuiwe, milango ifunguliwe, na dakika chache zinatosha. Fataki baridi nazo hutoa cheche za punje za metali. Jina lisikudanganye, pazia la poliesta lisiwe karibu nazo.

Maua na joto la Dar

Mawaridi mengi ya harusi za Dar hayakui Dar. Yanatoka nyanda za juu, hasa kuzunguka Arusha na miteremko ya Meru, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 ambako usiku kuna baridi. Yanasafiri zaidi ya kilomita 600 kushuka pwani. Waridi lililokatwa bado linapumua, na joto likipanda linapumua haraka na kuzeeka haraka, ndiyo maana wakulima huyahifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 4. Yakitolewa kwenye ubaridi huo, yakapakiwa buti la basi, yakafikia ghala lenye nyuzi 32, yale yaliyofunga Alhamisi yatakuwa yameachia petali Jumamosi jioni kabla maharusi hawajaingia. Swali la kumuuliza mpambaji siyo yanatoka wapi. Muulize yatafika lini na yatalala wapi. Mwenye chumba cha baridi, hata kidogo, anastahili bei yake. Mabua yakatwe tena kwa mshazari, sentimita mbili au tatu, yakae kwenye maji safi usiku mzima kabla ya kupangwa.

Picha nyingi zinazozungushwa kwenye makundi ya kamati zina maua ya nchi za baridi. Peoni, kwa mfano, huhitaji majira ya baridi kali ili ichanue, na haidrenjia hunywa maji kwa wingi na kuinama mara tu yanapopungua. Kuyaagiza kwa ndege ili yanyauke Sinza ni hasara isiyo na ulazima. Wapambaji wenye jicho wameanza kuchagua mimea inayolipenda joto letu: anturiamu, helikonia, okidi, majani ya monstera, makuti mabichi ya mnazi, majani ya mgomba, bogonvilia. Anturiamu na helikonia hata chumba cha baridi cha mawaridi huziumiza na kuzitia weusi, hivyo zinahifadhiwa nje penye kivuli. Unalipia usafiri mfupi na zinafika usiku wa manane zikiwa bado zimesimama. Mimi naona huu ndio mwelekeo wa maana kuliko yote, na natamani ungekwenda haraka zaidi.

Pwani ilishajua jambo hili zamani. Asmini hufunguka jioni na harufu yake hukolea usiku, saa zilezile za sherehe. Kina mama waliifunga pamoja na mrehani na mkadi wakapata vikuba, wakavibandika kifuani na kwenye nywele. Udi ulifukizwa chumbani kwa biharusi kabla mtu hajafikiria kupamba ukumbi. Mapambo ya harufu yanarudi sasa kwenye sherehe za mjini: kikuba badala ya ua la plastiki kwenye koti la bwana harusi, sinia la asmini na langilangi mlangoni, vikuba vidogo kwa wamama wa pande zote mbili. Udi ufukizwe mlangoni au barazani, maana ukumbi uliofungwa kwa kiyoyozi utawakohoza wageni wenye pumu.

Sponji ya kijani ya kuchomekea maua ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, kazi ya Vernon Smithers. Ni plastiki, na ikikauka inavunjika kuwa unga usiooza. Marufuku yetu ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya kubebea, kwa hiyo sponji haikuguswa, na kila Jumapili asubuhi inatupwa na masalia mengine kuelekea mifereji inayoishia Msimbazi na baharini. Mbadala wake ni waya wa banda la kuku uliokunjwa ndani ya bakuli lenye maji. Unashika mabua vizuri, unatumika tena na tena, na maua hunywa vizuri zaidi.

Kadi, michango na idadi ya viti

Kuna wimbi la harusi ndogo, za watu 80 au 100, meza moja ndefu, mishumaa, chakula kinacholetwa mezani. Vijana wanalipenda na nawaelewa. Lakini hapa Dar wimbi hilo haliwezi kunakiliwa kama lilivyo, kwa sababu harusi zetu nyingi zinalipiwa kwa michango. Aliyechanga anatarajia kadi, singo au dabo kulingana na alichotoa, na nyuma ya mchango ule kuna harusi zake alizochangiwa na zile atakazochangiwa watoto wake. Ukipunguza viti, unapunguza michango, na unagusa undugu. Anayeshauri harusi ndogo bila kulitaja hili anatoa nusu ya ushauri.

Kinachojitokeza ni kugawa tukio. Ndoa kanisani au msikitini inabaki wazi kwa wote. Kicheni pati na sendofu zinabeba majirani, kina mama wa vikundi na wafanyakazi wenza, na ukumbi wa usiku unapunguzwa. Malipo ya simu, yaliyoanza na M-Pesa mwaka 2008, yalizaa mchangiaji wa mbali ambaye haji na halaumu asipopata kiti, mradi jina lake lilisomwa na alitumiwa picha. Kadi ya kidijitali yenye msimbo wa QR, inayosomwa mara moja tu mlangoni, inazuia kadi ya dabo kuingiza watu wanne. Kwa mpambaji, kujua idadi halisi siku tano kabla ni zawadi kubwa. Meza ishirini zilizojaa zinapendeza kuliko thelathini zenye mapengo.

Meza ndefu zenyewe zina hesabu. Upana wake wa kawaida ni kama sentimita 75 hadi 90. Ukitoa sahani za pande mbili, glasi na chupa za maji, katikati panabaki ukanda mwembamba. Mapambo yake yawe ya chini na ya kutambaa: majani, matunda, mishumaa iliyo ndani ya glasi. Na kama chakula ni cha kujipakulia, acha njia ya mita moja na nusu kati ya meza, la sivyo mistari ya chakula itavunja kila kitu. Kwenye meza za duara, pambo la katikati liwe chini ya sentimita 35 au lianze juu ya 60 kwenye shina jembamba. Lile la kati linakaa sawa na macho, na wageni huliondoa na kuliweka sakafuni dakika kumi baada ya kukaa.

Sasa rangi

Kampuni ya Pantone ya Marekani hutangaza rangi ya mwaka, na viwanda vya vitambaa na maua bandia huifuata. Ya 2024 ilikuwa pichi, ya 2025 kahawia ya kahawa na maziwa. Ndipo unapoelewa kwa nini Kariakoo ilijaa kahawia, krimu na rangi ya chungu: mzigo unaotoka China huja ukiwa umeshachaguliwa. Kahawia ni rangi nzuri, ila kwetu ina mtego. Ngozi za kahawia, kitambaa cha kahawia, viti vya mbao na taa ya njano vikikutana, picha nzima inakuwa bapa na watu wanamezwa na ukuta. Weka kitu cha kuitenganisha: kijani kibichi cha majani, zabibu iliyoiva, au nyeupe safi mahali watakapokaa maharusi.

Kama sare ni kitenge, usirudie rangi yake kubwa ukutani. Kitenge kina rangi tatu au nne. Chukua ile ndogo, ya ukingo wa ua au mstari mwembamba, uipe ukumbi. Watu watang'aa mbele ya ukuta badala ya kupotea ndani yake. Sizipendi harusi zinazoitwa za kiasili kwa kuwa tu simbi na vipande vya kitenge vimegundishwa kila mahali. Asili ikae mahali inapofanya kazi. Mkeka mzuri wa rangi uwekwe pale wazee wanapokaa kwenye nikaha. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ambayo kwenye harusi za Wachaga ni tukio lenye heshima kuliko keki, isiletwe kwa toroli kutoka jikoni na kuegeshwa kwenye kona yenye giza. Ipewe meza yake, majani yake na taa yake ya 3,000, na nafasi ya wakwe kusimama pande zote mbili.

Wanaokwenda nje, kwenye bustani za Mbezi, Bunju au ufukwe wa Kigamboni, wakumbuke kuwa jua letu huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na giza huingia haraka. Ule mwanga laini wa jioni unaoonekana kwenye picha za Ulaya hapa hauchukui hata saa nzima. Maharusi wakitoka saluni saa 12 na kufika saa 2 usiku, bustani yote waliyoilipia ni nyeusi, na kilichobaki ni taa. Kuanzia Juni upepo wa kusi huangusha matao yasiyofungwa uzito miguuni. Mahema ya plastiki ya uwazi yanapendeza usiku, lakini yakisimamishwa tangu mchana hukusanya joto ambalo halitoki hadi saa 3.

Kilichobaki ni saa za kazi. Trasi, skrini na pambo la darini haviwezi kusimama ndani ya saa mbili kama vitambaa vya zamani. Vinataka nusu siku, na mtu wa taa anataka giza kidogo la kujaribu. Kumbi zinazogombewa huwa na mkutano Jumamosi asubuhi na harusi jioni, au harusi nyingine usiku wa Ijumaa. Kabla hujampa mpambaji kianzio, muulize msimamizi wa ukumbi funguo zinatolewa saa ngapi na vitu vyote vitoke saa ngapi usiku huo, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Kama ni saa nane mchana kwa sherehe ya saa moja, mwambie mpambaji siku hiyohiyo, naye atachora kitu kinachoweza kusimama ndani ya saa hizo.